Joto la Kawaida

Alhamisi mchana Ofelia Barraza alikuwa jikoni kwa komadre yake Eulalia, akikata vitunguu vya kuweka chini ya jeneza. Ndivyo wanavyofanya siku zote: bakuli la siki na vitunguu chini ya maiti, ili kinachomtoka marehemu kiishie humo, kisiwaingie walio hai. Alipolisukuma bakuli chini ya jeneza la Refugio Valenzuela, mume wa Eulalia, ambaye mtaa mzima ule wa kusini mwa Phoenix ulimwita Cuco, siki ikaanza kuchemka. Vitunguu vikaiva. Sebule ikanukia kama kuna mchuzi motoni.

"Imekauka," Ofelia alisema.

"Tia nyingine," Eulalia akajibu. "Kuna galoni zima chini ya sinki."

Akatia nyingine, nayo ikachemka. Shangazi Chayo, aliyemlea Cuco tangu hajaota meno, akasema bila kuinua macho kwenye rozari kwamba mtoto huyo alikuwa na damu ya moto toka zamani, hata kitandani alikuwa hajifuniki. Wanawake wengine wakaitikia Salamu Maria, wakaendelea.

Watu wa nyumba ya mazishi walikuwa wamemleta asubuhi, mikononi wamevaa glavu za kutolea mikate kwenye oveni. Waliomba radhi kwa adabu zote. Walisema ameshawaharibia majokofu mawili, na marehemu waliolazwa jirani naye wameanza kulowana, basi kama familia ingeweza kukaa naye mpaka siku ya kuzika wangeshukuru. Eulalia aliwapa maji ya barafu wakanywa, wakaenda zao. Cuco hakunuka wala hakuvimba. Alikuwa vilevile alivyoshushwa kutoka juu ya paa: mkavu, mwekundu, na moto wa kumfanya mtu aondoe mkono haraka.

Alifia juu ya ghala moja karibu na uwanja wa ndege, akimwaga lami. Mchana ulipokuwa mkali alikaa juu ya ndoo, akawaambia wenzake, "Tangulieni, nashuka sasa hivi." Wakatangulia. Walipoona hashuki, mmoja alipanda kumwita, akamkuta amekaa vilevile, kofia imemfunika uso. Walisikitika kweli, maana alikuwa mtu wa utani na mwenye kugawa chakula chake. Kesho yake walirudi kumalizia upande uliobaki, kwa sababu lami ilikuwa imeshanunuliwa.

Ofelia ni wakala wa bima. Anauza bima za maisha za kampuni iitwayo Kivuli Chema, yenye makao yake mbali huko kaskazini kwenye theluji, na anawauzia watu anaowajua, kwenye meza za jikoni, kahawa ikiwa mbele yao. Yeye ndiye aliyembeba Yadira, binti pekee wa Cuco na Eulalia, siku ya ubatizo. Tangu hapo mtoto akawa anamwita madrina, na wazazi wake wakamwita komadre, na neno hilo kwao halitamkwi ovyo. Ukimdanganya komadre wako, mtaa ule utakusalimia kwa kidevu tu mpaka unaingia kaburini.

Kumuuzia Cuco bima kulimchukua miaka. Mwanaume yule hakutaka kifo kitajwe nyumbani kwake. Alikubali mwaka mmoja tu kabla ya kufa, Yadira alipopata nafasi kwenye chuo cha uuguzi.

"Sikiliza, komadre," alimwambia Ofelia. "Mimi sitaki jeneza la bei mbaya. Nitieni hata kwenye boksi la friji. Ninachotaka ni kimoja: nikiondoka, huyu mtoto asiguse ngazi yangu. Amalize chuo. Asipande paa la mtu."

"Hapandi."

"Niapie."

Ofelia aliapa, tena kwa jina la marehemu mama yake. Kisha akamweleza masharti. Miaka miwili ya mwanzo, mtu akifa kifo cha kawaida, kampuni inarudisha michango yake, basi. Akifa kwa ajali, inalipa kiasi chote, hata kama bima ina siku mbili.

"Na jua likiniua?" Cuco aliuliza.

"Wewe nawe! Jua likikuua si ndiyo ajali yenyewe? Nani anafia juani kwa kupenda?"

Walicheka mpaka Eulalia akatoka chumbani kuuliza kuna nini. Walicheka kwa sababu Cuco na mkewe walitoka Hermosillo, kule Sonora, na mtu wa Hermosillo haoni joto. Ndivyo wasemavyo wenyewe. Katika nyumba ile, mgeni akithubutu kusema leo kuna jua, aliulizwa kama aletewe mwavuli wa mwanasesere. Yadira alipokuwa mdogo alilia joto mara moja, baba yake akamletea sweta. Hakulia tena.

Siku ya pili baada ya maiti kurudi nyumbani, mkaguzi wa madai alipiga simu kutoka makao makuu. Jina lake Halvorsen, sauti ya upole, mtu wa kukohoa kidogo kabla ya kila swali. Eulalia alijua Kiingereza cha dukani tu, kwa hiyo Ofelia aliweka simu mezani, spika wazi, akawa anatafsiri. Nyuma yao siki ilikuwa ikitokota.

Bwana Halvorsen alitoa pole. Akauliza kama marehemu alikuwa na ugonjwa wa moyo. Hakuwa nao. Akauliza kama alikunywa pombe siku ile. Hakunywa. Akakohoa.

"Na siku yenyewe, mama, kulikuwa na joto lisilo la kawaida?"

Ofelia alitafsiri. Eulalia akanyoosha mgongo kwenye kiti, akajifuta mikono iliyokuwa na unga wa tortilla, chapati za kwao, akatazama simu kama anavyotazamwa mgeni aliyeingia na viatu.

"Mwambie kawaida tu."

Siku ile lami ilikuwa imeyeyuka barabarani na njiwa walikuwa wameanguka kutoka kwenye waya mmoja mmoja. Ofelia alilijua hilo, aliwafagia mwenyewe mlangoni kwake. Lakini naye bibi yake alitoka Sonora, na kuna majibu ambayo mdomo huyatoa kabla mwenyewe hajaulizwa. Akasema kwa Kiingereza kwamba lilikuwa joto la kawaida. Halafu, kwa kuwa kimya kilikuwa kinamuumiza, akaongeza na utani: "Hawa ni watu wa Hermosillo, bwana. Hawa joto hawalioni kabisa."

Bwana Halvorsen akacheka. Alisikika vizuri akiandika.

Waswahili wanasema ulimi uliponza kichwa. Hapo viliponzwa vichwa vitatu, na kimoja hakikuwa hata chumbani; kilikuwa darasani, kikijifunza kutafuta mshipa wa damu kwenye mkono wa plastiki.

Jibu lilikuja kwa simu mwisho wa novena, sala za siku tisa ambazo kwao ni kama arobaini ya watu wengine, ile siku wanapouinua kutoka sakafuni msalaba wa majivu uliochorwa chini ya jeneza. Msalaba wa Cuco ulikuwa umeungana na vigae, ikabidi ukwanguliwe kwa kisu. Ofelia alikuwa amepiga magoti akikwangua simu ilipoita.

"Tumelitazama kwa moyo wa huruma," Bwana Halvorsen alisema. "Ila ajali ni jambo lisilotarajiwa. Julai ilitarajiwa."

"Mtu ameuawa na joto, bwana. Daktari ameandika joto."

"Hatubishi joto. Mjane mwenyewe alithibitisha kuwa lilikuwa la kawaida. Mtu akifa katika hali ya kawaida, hicho ni kifo cha kawaida. Michango yake itarudishwa, na pole zetu."

"Maiti bado ina moto," Ofelia alisema. "Ina siku tisa. Ukiweka kikombe cha maji kifuani pake kinachemka. Hiyo nayo kawaida?"

Kikohozi.

"Hilo nitaliandika. Likiendelea, tujulishe. Nikipata nafasi ya kusafiri nitakuja kuangalia mwenyewe."

Ofelia hakujua amwambie nini Eulalia. Akamwambia ukweli wote, akiwa bado amepiga magoti, kisu mkononi. Eulalia alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ningesema nini? Kwamba mume wangu kauawa na jua kama mtalii?"

"Ungesema hivyo, komadre."

"Na wewe ungeniacha niseme?"

Ofelia akaendelea kukwangua. Jibu alikuwa nalo, na halikumpendeza.

Walimzika Agosti. Kamba za kumshushia ziliungua, zikabadilishwa kwa minyororo. Mishumaa waliyoiweka juu ya kaburi ililala chini kabla ya kuwashwa, na padre akafupisha sala, si kwa hofu, nyayo zake tu zilikuwa zikiungua. Yadira alisimama mbele amevaa sare ya chuo kwa sababu alikuwa anawahi mtihani. Alipomaliza kutupa udongo alimwendea Ofelia, akainamisha kichwa kama kawaida yao, na Ofelia akamchorea msalaba kwenye paji la uso kwa kidole gumba. Paji lilikuwa baridi kama la mtu aliyetoka kwenye kiyoyozi.

"Madrina, kampuni wamesemaje?"

"Bado. Wewe soma."

Basi akasoma. Michango iliyorudishwa ilitosha mpaka sikukuu za Desemba. Eulalia akaanza kukanda tortilla za kuuza, Ofelia akamletea wateja, na kila wiki Ofelia alimpigia Bwana Halvorsen kumwambia kaburi bado la moto. Bwana Halvorsen alimshukuru kila mara kwa taarifa.

Kufikia majira ya baridi kaburi lile lilikuwa limezoeleka. Paka wa makaburini walizalia pale. Jamaa mmoja asiye na makazi, Lonnie, alilala pembeni yake na asubuhi alilifagia, akaondoka na blanketi lake. Wazee wa mtaa walikuja na viti vya kukunja kupasha magoti. Baadaye yalitokea na makaburi mengine katika safu ileile: la mama mzee aliyekatiwa umeme, la mpeleka barua, la kijana wa mashamba ya matikitimaji. Yote ya moto. Mlinzi wa makaburi aliacha kumwagilia majani upande ule kwa sababu mvuke uliwakera wageni, na hakuna aliyemlaumu.

Bwana Halvorsen alifika siku ya Kandelaria, mwanzoni mwa Februari, siku ambayo katika kila nyumba huliwa tamales, mikate ya mahindi iliyofungwa kwenye maganda. Eulalia alikuwa amezileta za kwake makaburini ndani ya sufuria, akazipanga juu ya kaburi la mumewe zipate moto, maana gesi ya nyumbani ilikuwa ya kubana. Yadira alikuwepo pia. Alikuwa hajarudi chuoni baada ya sikukuu. Alisema anapumzika muhula mmoja, na kila mtu alijifanya ameamini.

Mkaguzi alikuwa mwembamba, mrefu, pua nyekundu. Asubuhi ya jangwani huuma, na yeye koti lake zito alikuwa ameliacha kwao, akidhani huku hakuna baridi. Aliwasalimu wote kwa mkono. Akatoa kipimajoto, akakichomeka kwenye udongo, akasubiri, akakichomoa, akakitazama, akakichomeka tena. Kisha akachuchumaa, na bila kujijua akanyoosha viganja vyake juu ya kaburi la Cuco, akavigeuza mbele na nyuma, kama mtu anayeota moto wa kuni.

"Karibu tamal," Eulalia alimwambia.

Ofelia akatafsiri. Bwana Halvorsen akapokea, akala amechuchumaa vilevile. Alisema tamu sana. Akapewa ya pili.

"Sasa umeona," Ofelia alisema. "Hiyo ni Julai. Imekaa humo mpaka Februari. Hebu niambie kama hilo ni joto la kawaida."

Bwana Halvorsen alijifuta vidole kimoja kimoja. Alionekana amechoka, alikuwa ameshatembelea makaburi ya aina hiyo katika miji mingine, na kote alikaribishwa chakula.

"Kipimo kinasema ni lilelile la siku aliyofariki. Halijapanda, halijashuka. Pasipo mabadiliko, mama Barraza, siwezi kuandika kwamba kuna tukio. Na ajali lazima iwe tukio. Iwe na mwanzo, iwe na mwisho. Hii haijaisha."

"Itaisha lini?"

"Wataalamu wetu hawatarajii iishe." Alisema hivyo kwa heshima, kama daktari. "Kusema kweli, sisi kampuni tunalichukulia jambo hili kwa uzito mkubwa. Wana hesabu zao kule ofisini, vifo vitakavyokuja miaka ijayo, mtaa kwa mtaa. Si hesabu nzuri. Ndiyo maana kuanzia mwezi ujao michango ya mitaa hii yote inapanda. Utapata maelezo."

Ofelia alimtazama. Alikuwa na umri wa kutosha kujua mtu mwovu anafananaje, na huyu hakufanana naye. Afadhali angefanana.

"Ngoja. Mnapandisha bei kwa sababu joto limeacha kuwa la kawaida?"

"Ndiyo."

"Na Cuco hamumlipi kwa sababu lilikuwa la kawaida."

"Hizo ni idara mbili tofauti," Bwana Halvorsen alisema.

"Anasemaje?" Eulalia akauliza.

Ofelia akamtafsiria, neno kwa neno, safari hii bila utani wowote. Eulalia akainama, akageuza tamales zilizokuwa zimeanza kuungua upande wa chini.

"Mwambie abebe za njiani," alisema. "Huko kwao baridi."

Bwana Halvorsen alishukuru, akafungiwa sita kwenye karatasi ya fedha. Kabla ya kuondoka alisimama kidogo tena juu ya kaburi, viganja wazi. Hakuna aliyemharakisha. Yadira peke yake aliondoka bila kuaga. Alipita katikati ya safu ya makaburi ya moto, mikono mfukoni, akielekea kwenye gari la baba yake, lile la ngazi juu.

Usiku ule Ofelia alikwenda kumkabili.

"Niliapa," alimwambia. "Mbele ya baba yako niliapa."

"Najua, madrina."

"Nitauza zaidi. Nitagonga milango mpaka Tucson. Wewe rudi chuo."

"Utamuuzia nani, kwa bei hiyo mpya?" Yadira aliuliza. Hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa akivuta kamba za viatu vya baba yake, ambavyo alikuwa ameviwekea soksi mbili ili vimtoshe. "Wenzake baba wananipokea. Wamesema nitaanza na kubeba vigae, lami baadaye. Mwaka mmoja tu."

"Baba yako naye alisema mwaka mmoja, alipoanza."

"Basi mimi nitasema miwili."

Hakuna aliyecheka. Ofelia alikaa naye mpaka akamaliza kufunga kamba, kisha akaenda nyumbani, akalia kwenye gari kabla ya kushuka, akashuka.

Maisha yakaendelea, kwani yatafanya nini? Ofelia aliuza bima chache kwa bei mpya. Kwenye mazungumzo ya sasa kuna swali jipya analopaswa kumuuliza mteja: unafanya kazi juani? Akijibu ndiyo, bei inapanda tena. Wengi hujibu hapana, na Ofelia haangalii shingo zao. Wachache humuuliza kama jua likiwaua watalipwa. Yeye hunywa kahawa yake kwanza, ndipo awaambie kwamba joto la kwao likiwatesa walitaje, walipigie kelele, wamwambie kila mtu, wasione haya. Wanamsikiliza kwa adabu. Wakimaliza, mmoja humuuliza kama aletewe mwavuli wa mwanasesere, na nyumba nzima hucheka.

Mei ikaingia, halafu Juni. Njiwa wakaanza kuanguka. Jioni moja Yadira alipitia kwa Ofelia akitoka kazini, kama alivyozoea, kuchukua chakula cha mama yake. Alikuwa na lami kwenye nyusi. Ofelia alimkalisha ndani, kiyoyozi kinavuma, akamwekea maji, akamwangalia akiyanywa glasi baada ya glasi. Walizungumza habari za shangazi Chayo na miguu yake. Jua likazama, taa za barabarani zikawaka, na Yadira akasimama, akainamisha kichwa.

Ofelia akaweka kidole gumba kwenye paji la uso, akachora mstari wa kwanza wa msalaba, na wa pili akauchora haraka.

"Leo joto lilikuwaje, mwanangu?"

Yadira alinyoosha mgongo, akachukua chakula.

"Kawaida tu, madrina."

Ofelia alimsindikiza mpaka mlangoni, akamwangalia akipanda gari la ngazi. Kisha akarudi ndani, akakitia kidole mdomoni kukipoza, akaenda jikoni kutazama kama siki bado ipo.